Maswali Mawili Aliyoyaruka

Wanafunzi walimwita Mtego. Jina lilianza kama utani, likakomaa, mpaka wazazi wakawa wanalitumia kwenye vikao vya shule bila kuona haya. Lilitoka kinywani mwake mwenyewe. Kila mwaka, wiki chache kabla ya mtihani wa kuingia chuo, mwalimu huyu wa hisabati alisimama mbele ya darasa la mwisho, akaandika ubaoni neno "uwezekano", kisha akalipiga mstari katikati.

"Haya maswali ya mipira kwenye mfuko ni mtego," alisema. "Yanakula muda, yanachanganya akili, na mwisho wake huambulii kitu. Ukikutana nayo, yaruke. Kafanye yale unayoyaweza."

Darasa lilipiga makofi. Nani asiyependa kuambiwa kuna mada hahitaji kuisoma?

Mtihani ule ulikuwa na maswali kumi na sita, yote ya lazima. Mawili kati yake, la kumi na tatu na la kumi na nne, yalikuwa ya uwezekano, na kwa pamoja yalibeba alama ishirini katika mia. Kwa hiyo wanafunzi wake waliingia chumba cha mtihani wakiwa na themanini tu za kuzigombania. Hakuna aliyewahi kumhoji, maana katika mambo mengine alikuwa mwalimu hasa. Milinganyo aliifundisha hata mvivu wa nyuma kabisa akaielewa. Hakuwa mtu wa fimbo. Alifika wa kwanza, akaondoka wa mwisho, na mkono wake wa kulia ulikuwa mweupe kwa chaki kuanzia asubuhi mpaka kengele ya kutoka.

Ukweli ni kwamba uwezekano haukumwingia kichwani hata siku moja, na aliuogopa kama mtu anavyomwogopa mbwa aliyemng'ata utotoni.

Siku ya kung'atwa aliikumbuka vizuri. Alikuwa bado mwanachuo wa ualimu, amepelekwa shule moja kufanya mazoezi ya kufundisha. Mada ile ilipofundishwa chuoni yeye alikuwa kitandani na homa, akanakili madaftari ya wenzake bila kuyaelewa. Sasa akapangiwa kuifundisha, na mkaguzi amekaa nyuma ya darasa, karatasi magotini. Swali lilikuwa la mipira saba, mitano myekundu na miwili ya bluu: unatoa miwili, mmoja baada ya mwingine, bila kuurudisha wa kwanza. Kuna uwezekano gani yote miwili ikawa myekundu? Pale pa kuzidisha, yeye akajumlisha. Akaandika jibu kwa madaha: hamsini na nane juu ya arobaini na mbili.

Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo si imezidi moja? Ina maana itatokea, halafu itatokea tena?"

Darasa zima liliangua kicheko. Yeye akageukia ubao, akafuta, akaandika tena kilekile. Tarakimu zikaanza kumchezea machoni kama sisimizi waliomwagiwa maji. Mkaguzi aliandika mstari mmoja, akakunja karatasi, akaondoka kabla ya kengele. Mwanachuo yule hakujua kamwe ni nini kiliandikwa. Alifaulu, akapata cheti, akapangiwa shule. Ila tangu siku ile, kila alipofika kurasa za mipira na mifuko, alitafuta njia ya kuzipita. Mwaka wa kwanza wa kazi akazifunua harakaharaka. Mwaka wa pili akaziruka. Mwaka wa tatu akawa ameshapata hotuba ya mtego, na katika daftari la kazi, mbele ya neno "uwezekano", akaandika "imefundishwa", akatia tarehe na sahihi.

Miaka kumi na moja ikapita hivyo.

Mwaka wa kumi na moja ndio mtoto wa dada yake alipofanya mtihani. Binti huyo alikuwa mwanafunzi wake darasani na mpwa wake nyumbani, mwenye akili ya kukata kama wembe. Alitaka kusomea maabara ya hospitali. Chuo kilihitaji alama sitini za hisabati. Alipata hamsini na sita.

Mwalimu aliliona tokeo lile akiwa amesimama kwenye ubao wa matangazo, watu wakimsukuma kutoka nyuma. Alama nne. Alijua papo hapo zilikokwenda. Jioni dada yake alimpigia simu akilia, akasema, "Kaka, sikulaumu, ulimfundisha vizuri, ni bahati tu haikuwepo." Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mpwa wake akaanza kazi kwa dobi, kufua na kupiga pasi nguo za watu. Mjomba akawa anazunguka njia ya mbali ili asipite mbele ya duka lile.

Kisha akaja mwalimu mkuu mpya. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, aliyefundisha biolojia miaka mingi, na mwenye tabia ya kusoma kila karatasi inayopita mezani kwake hadi nukta ya mwisho. Jumatatu moja asubuhi akamwita ofisini. Mezani kulikuwa na taarifa ya baraza la mitihani inayoonyesha wastani wa kila swali, na kando yake, daftari la kazi.

"Keti, mwalimu. Nisaidie kuelewa jambo. Swali la kumi na tatu, sifuri. La kumi na nne, sifuri. Nimerudi nyuma miaka mitano. Wanafunzi mia moja na tisini na mbili, hakuna hata mmoja aliyeambulia nusu alama."

"Ni muda, Mwalimu Mkuu. Ile mada iko mwisho wa kitabu."

"Ila humu umeandika imefundishwa. Kila mwaka. Sahihi si yako?"

"Ni yangu."

Mwalimu mkuu alifunga daftari. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. "Alhamisi ya wiki ijayo, kipindi cha tatu, utaifundisha kwa darasa lote la mwisho. Nimewaomba na walimu wengine watatu wa hisabati waje. Mimi nitakaa nyuma."

Nyuma. Alitoka ofisini, akaingia stoo ya vitabu, akajifungia.

Siku mbili alijaribu kujifundisha mwenyewe. Alikaa stoo saa ya mapumziko, kitabu magotini, lakini kila alipofika kwenye mfano wa kwanza aliusikia ule mkono wa binti ukinyooshwa na kile kicheko kikipanda, na mistari ikafifia. Akafunga kitabu. Akaanza kuhesabu njia za kutoroka. Kuacha kazi? Na watoto watatu nyumbani? Kuomba uhamisho? Haupatikani ndani ya wiki. Akakumbuka ugonjwa.

Jumatano akaenda zahanati kudanganya kwamba kichwa kinamuuma. Mganga akamfunga ule mkanda wa presha mkononi, akapampu, akasoma, akapampu tena.

"Mwalimu, hii presha iko juu kwelikweli. Una nini?"

"Kichwa tu."

"Kichwa hakipandishi hivi. Kuna jambo linakusumbua." Mganga akamwandikia vidonge na siku tatu za kupumzika.

Alikwenda kusingizia ugonjwa, akakutwa mgonjwa. Na siku zenyewe ziliishia Ijumaa, wakati Alhamisi yake ilikuwa bado wiki nzima mbele.

Mke wake alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani kwao. Alimwona anavyoingia, karatasi ya zahanati mkononi, asivyosalimia. Akaondoa mguu kwenye pedali.

"Baba watoto, unaumwa au unaogopa?"

"Naumwa."

"Nimekaa na wewe miaka kumi na minne. Ukiumwa unalalamika mpaka majirani wanajua. Huu ukimya ni wa kitu kingine."

Akamwambia. Alianzia kwa mipira saba na akamalizia kwa ofisi ya mwalimu mkuu. Aliongea akitazama vipande vya vitambaa sakafuni. Alipomaliza, mkewe aliuliza jambo moja tu.

"Na mtoto wa dada yako? Zile alama nne?"

Mwalimu aliinama, akaokota kipande kimoja cha kitambaa.

"Basi hilo ndilo linalokupandisha presha, wala si mwalimu mkuu," mkewe alisema. "Nenda ukamwambie, kabla hajaambiwa na mwingine. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na huyo ni damu yako."

Kesho yake mchana alikwenda. Alipita mbele ya duka la dobi mara mbili kama mtu anayetafuta namba ya nyumba. Mara ya tatu mpwa wake akamwona kupitia mlangoni.

"Mjomba! Mbona unazunguka? Umeleta suti?"

Aliingia. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya sabuni na nguo iliyopigwa pasi. Mashati yalining'inia mpaka darini. Binti alikuwa peke yake, mwenye duka amekwenda kula. Alimsogezea mjomba wake kiti, akaendelea kukunja mashuka.

"Mwanangu," alianza. "Yale maswali mawili, ya uwezekano. Sikuwaambia myaruke kwa sababu ni mtego. Niliwaambia hivyo kwa sababu mimi siyajui. Sijawahi kuyajua. Naogopa hata kuyafundisha. Alama zako nne nimezila mimi."

Binti alikunja shuka, akalipanga juu ya mengine, akalilainisha kwa kiganja. "Najua, Mjomba."

"Unajua?"

"Nilinunua kitabu nirudie mtihani. Ile mada niliisoma jioni tatu. Nikaona siyo ngumu hivyo. Nikajiuliza, mbona alituambia turuke? Nikapata jibu moja tu."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mama? Ili muache kusemezana?" Sasa sauti ilipanda. "Mwezi mzima sikukanyaga kwenu. Ulidhani ni kazi. Nilikuwa na hasira, Mjomba, nilikuwa nikipiga pasi naunguza kola za watu. Na bado hazijaisha, nisikudanganye."

Alitamani sakafu ipasuke. Binti alimpa mgongo, akafunga bomba lililokuwa likidondoka. Kisha binti akasema, akiwa bado amempa mgongo, "Kwa nini umekuja leo na si mwaka jana?"

Akamweleza habari za Alhamisi. Alitegemea amcheke. Binti akageuka, akamtazama usoni, na bila shaka aliona jinsi alivyoogopa, maana uso wa binti ulilegea. Akainama chini ya meza, akavuta kapu la plastiki lililojaa soksi zilizopoteza wenzao. Kila dobi ana kapu kama hilo. Akachambua soksi nyeusi tano na nyeupe tatu, nyingine akazimwaga kando, akazirudisha zile nane kapuni.

"Fumba macho. Chomoa mbili. Nataka ujue uwezekano wa kupata rangi moja."

Mwalimu akafumba macho. Akachomoa nyeusi na nyeupe.

"Sasa andika."

Aliandika kwenye kipande cha risiti: tano juu ya nane. Kisha nne juu ya saba. Kalamu ikasimama. Akaweka alama ya kujumlisha.

"Unajumlisha kwa nini?"

Kwa desturi angetoa jibu lolote mradi lina sauti ya kujiamini. Lakini pale, mbele ya mtoto aliyekwisha kumjua, hapakuwa na cha kulinda. "Sijui," alisema.

"Sawa. Tuanzie hapo. Ya kwanza ikishatoka nyeusi, kapuni zimebaki ngapi? Nyeusi ngapi? Unataka hii itokee na ile itokee, zote mbili. Hapo tunazidisha. Ukitaka njia hii au njia ile, ndipo ujumlishe."

Zote mbili nyeusi, ishirini juu ya hamsini na sita. Zote mbili nyeupe, sita juu ya hamsini na sita. Jumla ishirini na sita. Mwalimu wa hisabati wa miaka kumi na moja alikitazama kile kipande cha risiti, akahisi machozi yanamlenga. Jambo dogo kama hilo, na wanafunzi mia moja na tisini na mbili, na hao ni wa miaka mitano tu.

Alirudi kila mchana siku zilizobaki. Siku nyingine alielewa, siku nyingine hofu ilimrudia akasahau hata la jana, na binti akamkaripia kama mtoto. "Mjomba, usikimbilie jibu! Soma swali!" Usiku wa Jumatano hakufumba jicho.

Alhamisi kipindi cha tatu, darasa lilikuwa na wanafunzi arobaini na mmoja. Walimu watatu walikaa nyuma. Mwalimu mkuu kando yao, kalamu mkononi. Dirishani alikaa mpwa wake, aliyeruhusiwa kuhudhuria kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwalimu aliweka kapu la soksi mezani, na wanafunzi wakacheka kidogo. Kicheko kile kilimchoma. Akashika ukingo wa meza.

"Kabla sijaanza," alisema, "niliwahi kuwaambia haya maswali ni mtego. Niliwadanganya. Nilikuwa siyajui, nikaogopa kuonekana siyajui."

Kijana wa mstari wa mbele akauliza polepole, kana kwamba anahofia jibu, "Na waliotutangulia, mwalimu?"

"Na wao pia."

Kalamu ya mwalimu mkuu ilisimama. Mwalimu aliiona, akajua kibarua chake huenda kimeota nyasi, lakini maji alikwisha kuyavulia nguo. Akaanza. Soksi zikachomolewa, zikahesabiwa, zikaandikwa. Katikati ya mfano wa pili kichwa kikawa cheupe. Aliusahau hata mwanzo wa swali. Alimtazama mpwa wake, na binti akatazama daftari lake, hakumsaidia. Basi akafanya alichokaripiwa afanye: akalisoma swali tena kwa sauti, neno kwa neno. Lilimchukua muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu, lakini alipofika mwisho wa sentensi, akaona pa kuanzia.

Mchana uleule mwalimu mkuu alimkabidhi barua ya onyo kwa kuandika uongo kwenye daftari la kazi. "Hii inaingia kwenye faili lako," alimwambia. "Ningeweza kuandika kubwa zaidi. Kila Jumamosi utawafundisha wanafunzi hawa, na mwezi ujao utawaonyesha na wale walimu watatu njia yako ya kufundisha." Akamfungulia mlango. "Nami nitakuwepo. Ile ya soksi nimeielewa nusu."

Siku ya mtihani alisimama nje ya uzio wa shule saa tatu nzima, vidonge vya presha mfukoni, akijiambia kwamba amewafundisha vibaya, kwamba wangejumlisha pale pa kuzidisha, wote arobaini na mmoja, na kosa lingekuwa na mwandiko wake. Miezi iliyofuata alipungua mwili mpaka mkewe akampunguzia suruali kiunoni.

Mwaka uliotangulia wanafunzi tisa kati ya thelathini na wanane walikuwa wamevuka sitini. Matokeo mapya yalipokuja, walivuka ishirini na watatu kati ya arobaini na mmoja. Yale maswali mawili yalikuwa na wastani wa alama kumi na moja katika ishirini. Mpwa wake alipata sabini na moja. Dada yake alipiga simu akipiga vigelegele, na binti akachukua simu akasema, "Mjomba, sasa nimepunguza hasira. Siyo zote."

"Zilizobaki ni haki yako," alimjibu.

Wiki mbili baadaye alikwenda kunyoa. Kinyozi alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, aliyepita darasani kwake zamani, na siku zote alimnyoa kwa heshima. Alimfunga kitambaa, akampaka povu, akaweka wembe shingoni.

"Mwalimu Mtego," alisema taratibu. "Nasikia siku hizi yale maswali mnayafanya."

Mwalimu aliganda. Ubaridi wa wembe ulikuwa chini ya kidevu. "Tunayafanya," alisema bila kutikisa taya.

"Siyo mtego tena?"

"Hayakuwa mtego hata siku moja. Nilikuwa siyajui. Niliwanyima, na wewe nilikunyima."

Mkono wa kinyozi ulitulia. Kwenye kioo mwalimu aliona macho ya kijana yamekazwa ukutani. "Alama tatu," kinyozi alisema. "Nilikosa kwa alama tatu, mwalimu. Baba alisema ni uvivu. Amekufa anaamini ni uvivu."

Wembe uliendelea, polepole, upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Kinyozi alimfuta povu, akamwondolea kitambaa, akakikung'uta mlangoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Mtihani uko wazi kwa watu wa umri wowote," mwalimu alisema akiwa amesimama. "Nafundisha kila Jumamosi."

"Jumamosi ndiyo siku yangu ya wateja."

"Jumapili je?"

Kinyozi alikunja kitambaa bila kumtazama. "Nitaona."

Alikuja Jumapili mbili. Ya tatu hakuonekana, na mwalimu alikaa darasani peke yake saa nzima, chaki mkononi, akiamini kwamba hatamwona tena. Jumapili ya nne kinyozi aliingia amechelewa, akaketi nyuma kabisa, akafungua daftari.

"Tulifika wapi?" akauliza.

Mwalimu akageukia ubao, akaanza kuandika.